Kumsoma shakwe kwa jicho la mshonaji

Mimi ni mshonaji. Nina mashine mbili katika kibanda karibu na soko la Nyawera, hapa Bukavu, ukingoni mwa Ziwa Kivu, Kongo, na riziki yangu ya mwaka inatoka hasa kwenye sare za shule: shati jeupe, suruali au sketi ya bluu iliyokoza. Mwezi wa nane na wa tisa usingizi unakuwa haba. Sare zikiisha na mvua ikishika, mwezi wa kumi unaingia, nami nateremka ziwani alfajiri kuwaangalia shakwe. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja.

Wageni wanaokuja Kivu na darubini hupanda Kahuzi-Biega kuwatafuta ndege wa msituni, na nawaelewa, kwa sababu kule kuna ndege ambao nje ya milima hii huwaoni popote. Shakwe hawana wa kuwaulizia. Pale wavuvi wanaposhusha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, shakwe anahesabiwa pamoja na mnandi na nyangenyange: ndege wa maji, basi. Naandika haya kwa ajili ya yule aliyekwisha simama ufukoni, akamwona ndege mkubwa mwenye mgongo mweusi ametua juu ya nguzo, akafungua kitabu cha ndege, akakuta picha kumi zinazofanana, akakifunga.

Ugumu wake unatoka wapi? Kunguru wetu mwenye kifua cheupe, muda mfupi tu baada ya kutoka kiotoni amevaa nguo atakayovaa maisha yake yote. Shakwe mkubwa anahitaji karibu miaka minne kufika kwenye nguo ya utu uzima, na katika miaka hiyo anabadilisha kipande kwa kipande: leo mgongo, kesho bega, baadaye mkia. Ndugu wawili wa aina moja wanaweza kusimama pamoja, mmoja kahawia mwenye madoadoa, mwingine mweusi na mweupe safi, ukaapa kwamba hawajuani. Juu ya hayo, jua linachujua rangi na upepo unakula kingo. Ukianza na rangi, umepotea. Mimi naanza na umbo, nafuata umri, kisha hali ya kitambaa chenyewe, na rangi naiuliza mwisho kabisa.

Nani tunaweza kuwakuta

Kivu haina shakwe wengi. Asubuhi njema naona watatu, wanne. Siku nyingine hakuna hata mmoja. Ukitaka makundi, teremka kwa Kamanyola hadi Uvira, ukae karibu na Ruzizi inapoingia Ziwa Tanganyika, au pale bandari ya Kalundu. Mimi kule naenda mara moja kwa mwaka. Lakini kwa kujifunza napenda uchache wa huku kwetu, maana ndege mmoja unamtazama saa nzima bila kuvutwa huku na huku.

Yule mkubwa mwenye mgongo mweusi ni Larus fuscus. Wale wanaofika upande wetu wa Afrika hasa ni tawi la kaskazini, fuscus halisi, wanaotaga Finland, Sweden na kaskazini mwa Norway. Kutoka Helsinki hadi hapa, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 7,000. Tawi hilo lina ndugu. Wale wa Ulaya ya magharibi wana mgongo wa kijivu iliyokoza na huelekea zaidi pwani za Atlantiki na Afrika Magharibi. Wale wa kaskazini mwa Urusi, wanaoitwa heuglini, hushuka hadi Arabuni na pwani ya Afrika Mashariki. Wataalamu bado hawajakubaliana kama heuglini ni tawi la fuscus au ni aina inayojitegemea, kwa hiyo usione aibu ukikwama.

Kisha wako wadogo: shakwe kichwa-kijivu, ambaye ni mwenyeji wa Afrika, na mara chache sana shakwe kichwa-kahawia anayetoka Ulaya na Asia. Na buabua, ambao si shakwe lakini watu huwachanganya.

Wakubwa wanaanza kufika mwezi wa tisa au wa kumi na wengi wameondoka ifikapo mwisho wa mwezi wa nne. Ukimwona mmoja mwezi wa saba, usidhani umekosea: vijana ambao bado hawana haja ya kutaga mara nyingi hawarudi kaskazini mwaka wao wa kwanza.

Siku na saa ya kwenda

Fuata kalenda ya wavuvi. Sambaza huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, basi mitumbwi inapumzika na ufuko unakuwa mtupu. Nenda siku za giza. Kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi utasikia nyimbo za wapiga makasia, kisha utaona ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ikikaribia, na kama kuna shakwe yeyote, yuko nyuma yake. Samaki hao wenyewe ni wageni kama shakwe: waliletwa Kivu kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Mzee mmoja mvuvi aliniambia baba yake alikumbuka ziwa lisilo na sambaza. Mara nyingi najiuliza shakwe wa zamani walikula nini hapa.

Kuhusu darubini, yangu ni ya 8x40, yaani inavuta mara nane, ya mtumba, kutoka Kadutu, na inatosha. Ya 10 inavuta zaidi lakini mkono ukichoka picha inatetemeka. Usingoje kununua kubwa.

Kipeleke mlangoni

Miaka ya nyuma nilikata kitambaa usiku chini ya taa, suruali tatu za watoto wa mama mmoja. Asubuhi alipokuja kuzichukua alizibeba hadi mlangoni, akazigeuza mara moja, akasema, "Muzee, hii ni nyeusi. Shule inataka bluu." Alikuwa na haki. Chini ya taa, bluu iliyokoza na nyeusi ni kitu kimoja. Nilishona upya kwa gharama yangu, na tangu hapo kitambaa chochote cheusi nakipeleka kwanza kwenye mwanga wa nje.

Shakwe huwezi kumpeleka mlangoni, lakini unaweza kuuchagua mlango. Bukavu ina rasi tano zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono, na hiyo ni bahati kubwa kwa kazi hii: asubuhi kaa upande wa magharibi wa rasi, jua liwe mgongoni mwako, jioni hamia upande wa mashariki. Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hilo. Nilikaa nikitazama jua linapochomoza, ukungu bado umelala juu ya maji, na shakwe aliyekuwa juu ya nguzo alikuwa na mgongo wa kijivu kabisa. Niliandika heuglini kwa furaha, nikapiga mstari chini yake mara mbili. Baada ya dakika kama ishirini wingu lilifunika jua, na yule yule, juu ya nguzo ile ile, akawa mweusi kama masizi ya sufuria. Ukurasa huo ninao bado.

Mwanga mzuri kuliko wote ni wa mawingu mepesi. Jua kali la saa sita linapausha mgongo mweusi, na maji yanayometa yanaleta kijivu cha uongo tumboni na chini ya mabawa. Hata kichwa cha ndege kikigeuka kidogo tu, mgongo wake unapanda au kushuka rangi. Subiri ageuke mara tatu au nne kabla hujaamua.

Halafu fanya ninavyofanya na uzi. Mteja akileta kitambaa na kutaka uzi wa rangi yake, siendi dukani kwa kukumbuka. Naulaza uzi juu ya kitambaa chenyewe. Kwa shakwe, kitambaa ni mgongo na uzi ni ncha ya bawa. Ncha ya bawa ya shakwe mkubwa aliyekomaa, manyoya yakiwa mapya, ni nyeusi, kwa hiyo linganisha mgongo na ncha hiyo, kwenye ndege yule yule, katika mwanga ule ule. Kama huoni mpaka kati yao, au mpaka ni hafifu sana, mbele yako yuko fuscus wa kaskazini. Kama mgongo unaonekana wazi kuwa wa kijivu iliyokoza na ncha inajitenga kwa weusi, hapo una jambo: anaweza kuwa heuglini au ndugu wa magharibi. Usimpe jina bado. Piga picha, chora, andika kila kitu, kisha endelea na vipimo.

Vipimo

Ndege aliye peke yake juu ya maji hana ukubwa. Jicho linadanganywa na umbali. Subiri mwewe apite, na hapa Bukavu mwewe hachelewi. Fuscus na mwewe wanakaribiana: urefu wa nusu mita na zaidi kidogo, mabawa yaliyonyooshwa mita moja na robo au zaidi. Kichwa-kijivu ana sentimita 40 hivi. Buabua mwenye mabawa meupe, yule anayeonekana mara nyingi, ana sentimita 23 hivi, karibu nusu ya kichwa-kijivu.

Baada ya ukubwa, kata ya nguo. Fuscus wa kaskazini ni mwembamba. Akisimama, mabawa yanapita mkia kwa urefu unaoonekana, na yanamfanya aonekane kama amevaa koti refu kuliko mwili wake. Kichwa ni kidogo na cha mviringo, mdomo si mnene, miguu si mirefu. Heuglini ni mzito zaidi: kifua kimejaa, miguu mirefu, mdomo mrefu wenye nguvu. Lakini dume ni mkubwa kuliko jike katika shakwe wote hawa, na jike mdogo wa heuglini anaweza kusimama sawa na dume wa fuscus. Ndiyo maana ukubwa peke yake siutumii kufunga kesi.

Tazama pia shingo na kichwa. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hivi, heuglini aliyekomaa huwa na michirizi ya kahawia, hasa nyuma ya shingo, kama mtu aliyejifunga skafu. Fuscus wa kaskazini anabaki na kichwa kilicho karibu cheupe chote, pengine na michirizi midogo tu kuzunguka jicho.

Umri

Shakwe hawa huanguliwa katikati ya mwaka, kiangazi cha Ulaya. Basi hesabu ya miaka yao haianzi mwezi wa kwanza. Yule wa "mwaka wa kwanza" unayemwona hapa mwezi wa kumi na moja ana miezi mitano tu tangu atoke kwenye yai, na tayari amekuja hadi Ikweta na kuivuka. Kila nikimwona mmoja wa namna hiyo nasimama kidogo kumtazama bila kuandika kitu.

Huyo mdogo ni kahawia iliyokoza. Mdomo mweusi, jicho jeusi, miguu ya rangi ya nyama iliyofifia. Akiruka utaona sehemu ya juu ya mkia ni nyeupe na mwisho wa mkia una kanda pana nyeusi. Anapofika, kila unyoya wa mgongo na bega una ukingo mweupe, mwembamba na sawa, kama upindo uliopigwa na mashine mpya. Upindo huo hauishi muda. Ifikapo Noeli umelika, na ziwa letu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, jua la hapa si la mchezo: kahawia inachujuka hadi rangi ya majani makavu. Nimeona mabega ya ndege wa mwezi wa kwanza yaliyopauka hivi kwamba kwa mbali alionekana mwenye mabawa meupe. Kitambaa kilikuwa kile kile, kimeanikwa mno.

Sasa sikiliza jambo hili vizuri, kwa sababu ndilo lililonifungulia mlango. Wengi wa fuscus wa kaskazini hubadilisha manyoya ya kurukia wakiwa Afrika katika mwaka huo wa kwanza, kabla hawajafikisha umri wa mwaka mmoja. Ndugu zao wa magharibi kwa kawaida hubaki na yale ya utotoni hadi kiangazi kinachofuata. Kwa hiyo ukikuta mwezi wa tatu au wa nne ndege kijana, mwili bado una kahawia iliyochakaa, lakini ncha za mabawa ni nyeusi, nyororo, zenye kingo kamili kama shati lililotoka kwenye mashine leo, una ushahidi mzuri wa fuscus, hata kama mgongo wake bado hauna rangi ya kukuambia kitu.

Mwaka wa pili unautambua kwa viraka: manyoya meusi yanaingia mgongoni katikati ya kahawia, na mdomo unaanza kupauka kuanzia kwenye shina. Mwaka wa tatu anakaribia mkubwa, lakini ana weusi uliobaki mdomoni na pengine alama ndogo mkiani. Aliyekomaa ana mkia mweupe mtupu, miguu ya njano, jicho la rangi ya njano hafifu, na mdomo wa njano wenye nukta nyekundu karibu na ncha, upande wa chini. Nukta hiyo ina kazi. Niko Tinbergen, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili, alionyesha kwa shakwe wa Ulaya kwamba makinda huidonoa ili mzazi atapike chakula. Hapa Kivu hakuna kinda wa kuidonoa, lakini wanatembea nayo.

Wadogo

Kichwa-kijivu aliyekomaa akiwa na nguo ya kutaga hana matata: kofia ya kijivu hafifu, jicho jeupe-njano lenye duara jekundu, mdomo na miguu myekundu. Taabu ni kofia inapofifia. Hapo tazama bawa likiwa wazi. Kichwa-kahawia ana ukingo mweupe safi unaopita mbele ya bawa lake la nje kama utepe ulioshonewa, na weusi uko mwishoni tu. Kichwa-kijivu ana weusi mwingi zaidi kwenye ncha, na ndani ya weusi huo kuna madirisha meupe. Weupe ulio mbele ya bawa lake ni kipande kifupi. Ukimtazama kwa chini, bawa la kichwa-kijivu limejaa kijivu cha giza. Jicho la kichwa-kahawia hubaki jeusi hata akikomaa, na nje ya msimu wa kutaga ana doa jeusi lililo wazi nyuma ya jicho. Vijana wa aina zote mbili wana jicho jeusi, kahawia mabegani na kanda mkiani, kwa hiyo kwa vijana nategemea bawa, na kisha urefu wa mdomo, ambao kwa kichwa-kijivu ni mkubwa zaidi.

Buabua wa mabawa meupe utamjua kwa mwendo. Anapeperuka chini chini juu ya maji, mdomo umeelekea chini, anaokota kitu usoni mwa maji bila kuzama, anapanda tena. Shakwe hutua na kuelea. Buabua huyu karibu kamwe.

Darubini na watu

Hili siwezi kuliruka. Ng'ambo ya maji ni Rwanda, na mtu mwenye darubini katika mji wetu anatazamwa kwa macho mengine. Mimi niliwahi kushikwa ufukoni na kukalishwa nusu siku, nikaulizwa ninapeleleza nini. Kilichoniokoa ni daftari langu: kurasa nzima za michoro ya mabawa, tarehe na idadi. Yule aliyekuwa akiniuliza aliishia kunionyesha kwa kidole ndege aliyekuwa akimwona kila jioni.

Basi fanya hivi. Kabla ya darubini, salimu. Nenda kwa mkubwa wa wavuvi wa ufuko huo, mwambie jina lako, unakaa wapi, unatafuta nini, mwonyeshe daftari. Nunua sambaza kidogo kwa mama zetu wanaouza pale. Wao wako ufukoni kila siku na watakuambia jana walikuja ndege wangapi. Usiinue darubini kuelekea daraja la mpakani, boti zenye watu wenye silaha, au ng'ambo. Upande wa mashariki wa rasi, jioni, mimi huenda tu nikiwa na mvuvi anayejulikana. Na ukiambiwa ondoka, ondoka. Shakwe atarudi kesho.

Picha na daftari

Simu inatosha ukiishika nyuma ya kioo kimoja cha darubini. Piga angalau tatu: ndege amesimama ubavu, ndege amefungua mabawa, na ndege akiwa karibu na ndege mwingine yeyote ili ukubwa ubaki kwenye picha. Usiipitishe kwenye programu ya kung'arisha. Simu yenyewe tayari inajaribu kupausha weusi, na ukiisaidia utamgeuza fuscus kuwa heuglini ukiwa umekaa kitandani.

Daftarini naandika kwa utaratibu ule ule ninaotumia kwa vipimo vya wateja, maana mkono umeshazoea: tarehe, saa, mahali, mwanga ulivyokuwa na jua lilikuwa upande gani, umbo, umri, hali ya manyoya, mgongo ukilinganishwa na ncha ya bawa, miguu, mdomo, jicho. Jina linakuja mstari wa mwisho. Mara nyingi mstari huo unasomeka "shakwe mkubwa, kijana, hajulikani", na naupenda mstari huo kwa sababu ni wa kweli. Mpwa wangu, anayejifunza kushona kwangu, alikuwa anaona haya kuandika "hajulikani". Nilimwambia, mwanangu, nguo ambayo hukuipima usimwambie mteja kwamba itamkaa.

Ukiona pete mguuni, acha mengine yote. Andika mguu gani, rangi ya pete, rangi ya maandishi, herufi na tarakimu kwa mpangilio wake, hata kama umesoma nusu. Shakwe waliotiwa pete Finland wanaandikwa Helsinki, katika makumbusho ya elimu ya viumbe, na taarifa kutoka huku ina uzito, kwa kuwa tawi hili limepungua sana kule linakotaga na sehemu kubwa ya maisha yake linaipitisha kwetu.

Ndege mmoja, msimu mzima

Kama una muda wa zoezi moja tu, lifanye hili: chagua ndege mmoja aliyekomaa, unayeweza kumtambua, na umchore bawa kila wiki.

Miaka mitatu iliyopita nilimpata wangu. Alikuwa amepoteza kidole cha kati cha mguu wa kushoto, nadhani kwa uzi wa wavu, na alipenda nguzo moja iliyoinama upande wa Nguba. Kila Jumapili kabla ya misa nilikwenda. Bawa lina manyoya makuu kumi upande wa nje, na nilichora mistari kumi tu kwenye daftari, basi. Fuscus wa kaskazini anasafiri na manyoya ya zamani na kuyabadilisha huku, akianzia ndani kwenda nje. Mwezi wa kumi, mistari yangu karibu yote ilikuwa ya kahawia: manyoya yamechakaa, zile nukta nyeupe za ncha zimelika zote. Wiki moja baadaye kulikuwa na pengo, unyoya mmoja haupo, na akiruka bawa lilionekana kama limeng'atwa. Kisha unyoya mpya ukatokea katika pengo, mfupi, mweusi kuliko jirani zake, na wiki kwa wiki ukarefuka huku wa pili yake ukidondoka.

Noeli nilikuwa na mistari mitano meusi na minne ya kahawia na pengo moja, na ndipo nilipoelewa kwa nini miaka ya mwanzo niliandika ndege mmoja kwa majina mawili: nilikuwa nikilinganisha mgongo na manyoya ya zamani yaliyochujuka, nikaona tofauti isiyokuwepo. Sasa kabla ya kulaza "uzi" juu ya "kitambaa" nauliza kwanza uzi huo ni wa lini. Mgongo naulinganisha na unyoya mpya, si na uliochakaa.

Mwezi wa pili mvua iliniharibia Jumapili mbili. Tarehe 19 ya mwezi wa tatu nilimkuta kwenye nguzo yake, mpwa wangu akiwa nami. Alinyoosha bawa la kushoto chini, polepole, kama mtu anayejinyoosha akiamka, na alikaa hivyo muda wa kutosha kuhesabu. Mpwa wangu alihesabu kwa sauti ndogo kutoka ndani kwenda nje. Yote kumi yalikuwa meusi, la mwisho likiwa na dirisha lake jeupe, na kila ncha ilikuwa na nukta nyeupe ndogo, kamili. Tulichora. Jumapili iliyofuata nguzo ilikuwa na mnandi.